Ukoka Wenye Kiu

Jumatatu, 3 Februari
Mke wa mwanangu kasema wazi: mjukuu haji tena hapa mpaka ua uache vumbi. Kifua cha mtoto kinakoroma. Jumapili wanakuja kukagua. Wakikuta vumbi, likizo zote kwa bibi wa upande wa pili, yule Bi Marashi, mwenye ukoka laini kama zulia. Thubutu!

Jumanne, 4
Kwa muuza miche. Kaniuliza ua wangu una jua au kivuli. Nikamwambia una vumbi. Akasema jua kali linataka ukoka mwembamba, kivuli kinataka wa majani mapana. Na wa haraka je? Akasema upo mmoja nyuma ya kibanda, lakini hauuzi.
Alipogeukia mteja mwingine nikachomoa konzi moja, nikaficha kwenye mtandio. Mwizi? Kitu kisichouzwa hakiibiwi. Kumbe kaniona! Akapiga kelele: bibi, huo maji mara moja kwa wiki, alfajiri, basi! Ukizidisha, utauzoesha.

Jumatano, 5
Nimepanda. Mara moja kwa wiki! Huyo hajalea. Shule sikuenda, lakini nimenyonyesha sita, na mtoto mwenye kiu huambiwi umngojeshe. Nimemwagilia asubuhi, adhuhuri, jioni. Maji hayatuami. Yanakwenda fyuu, kama kuna mdomo chini.

Alhamisi, 6
Nusu ya ua kijani! Jirani kachungulia ukutani, kaniuliza nani kalala pale. Hakuna mtu, nikamwambia. Mbona ukoka unapanda na kushuka kama kifua? Wivu tu huo. Upepo kweli haukuwepo, lakini wivu ni wivu.

Ijumaa, 7
Nilichelewa sokoni, maji ya adhuhuri yakapita. Kurudi, ukoka umevuka kizingiti hadi jikoni, umeuzunguka mtungi. Mtungi mtupu. Kifuniko palepale. Nimeugombeza: mlafi wee, huna adabu! Kisha huruma ikanishika, nikaumwagia ndoo mbili.

Jumapili, 9
Wamekuja. Mke wa mwanangu kavua viatu, kasema mama, umetuweza. Tukamweka mjukuu katikati. Akacheka, nami chozi likanitoka.
Kisha majani yote, pande zote nne, yakamwinamia. Kimya. Udenda ukamkauka kidevuni tunamwona. Mama yake akamnyakua. Jani limemzunguka kifundo cha mguu mara tatu, safi kama uzi wa fundi cherehani.
Mwanangu kasema mama, ng'oa huu, la sivyo mtoto humwoni tena. Wakaondoka viatu mkononi.

Jumatatu, 10
Nimemwita muuza miche, kaja na jembe. Hakunisema hata neno. Hilo ndilo lililoniuma. Tumeng'oa hadi adhuhuri. Mizizi yake ya vuguvugu. Kapanda ukoka wa kawaida, mwembamba, utakaochukua miezi yake. Nikampigia mwanangu, akasema sawa mama, tutakuja. Alhamdulillahi!
Muuza miche alipoondoka nikaona kipande kimoja cha ule ukoka chini ya ngazi. Kidogo. Kinatetemeka kama kitoto kilichosahauliwa. Mtu mwenye moyo angefanyaje? Nimekitia kikombeni, nimekileta chumbani. Kimoja tu. Wakija nitakifungia kabatini.
Nimekipa maji. Kimemaliza. Nimekipa tena.
Naandika kwa mkono mmoja. Ule mwingine kimenishika kidole na hakiachii, nguvu hizo! Mtoto akikushika hivi, ujue kakupenda.