Wazima Arobaini wa Sori

Mwezi wa Machi 1966, mbele ya umati uliokaa juani pale Sori, Bwana Cephas Odero alitangaza kwamba Serikali, baada ya kushauriana na yenyewe kwa kina, imeamua ugonjwa wa malale ukome ifikapo tarehe thelathini Juni. Watu walipiga makofi. Mbung'o, ambao ndio wanaoeneza malale kwa kuwauma watu, hawakuwa wamealikwa.

Bwana Cephas alikuwa Msimamizi wa Kituo cha Utafiti wa Usingizi. Kituo kilikuwa vyumba viwili vya mabati, hadubini moja, kabati moja la dawa na ufunguo mmoja, ambao haukutoka mfukoni mwake. Kaptura yake ilipigwa pasi mpaka ikaweza kusimama bila yeye. Chini yake alikuwepo Dolphine, dresa, yaani msaidizi wa tabibu, aliyejua kupima damu kuliko mtu yeyote kandokando ya ziwa, kosa ambalo Bwana Cephas alikuwa amemsamehe.

Utafiti wenyewe haukuwa na utata. Wagonjwa arobaini walipewa kadi nyekundu na dawa. Wazima arobaini walipewa kadi ya kijani na agizo la kubaki wazima hadi utafiti uishe, ili Kamati Kuu ya Usingizi kule Homa Bay ipate kulinganisha. Ili kuwatia watu moyo, kadi ya kijani nambari moja aliichukua Bwana Cephas mwenyewe.

Mambo yalikwenda sawa hadi Mei, Benta alipougua.

Benta alikuwa mama mwanika omena, wale dagaa wa ziwani, kadi ya kijani nambari kumi na saba. Alifika akipepesuka, homa imempanda, macho yanajifumba bila ruhusa yake.

"Jaduong', mimi naumwa," alisema, akimwita kwa heshima kama wanavyoitwa wazee wa huko.

Bwana Cephas aliitazama kadi. "Haiwezekani, mama. Wewe ni mzima. Imeandikwa."

"Kadi ndio mzima. Mwenye kadi ni mgonjwa."

"Ukiugua wewe, wazima watabaki thelathini na tisa. Hilo umelifikiria?"

Benta alikiri kwamba hakulifikiria.

Dolphine alimpima damu, akakimbilia chumba cha pili alikokuwa Msimamizi. "Bwana Cephas, wadudu nimewaona kwa macho yangu. Nipe ufunguo. Kuna dawa humo hata haijafunguliwa."

"Hiyo ni ya kadi nyekundu."

"Basi mpe nyekundu."

Bwana Cephas alitabasamu kwa subira ya mtu mwenye cheo. Kadi haibadilishwi hivi hivi. Aliketi akaiandikia Kamati barua ya kurasa tatu, iliyofikia jambo lenyewe kwenye ukurasa wa tatu. Benta aliambiwa angoje jibu. Akalala kwenye mkeka barazani, dada yake akimnywesha uji kwa kijiko.

Siku zikapita, na Bwana Cephas naye akaanza kusinzia. Hakuna aliyeshtuka. Mkubwa kulala mezani mchana ilikuwa sehemu ya kazi. Wajumbe wawili wa Kamati walipokuja kukagua kituo, usingizi ulimchukua akiwa amesimama, katikati ya sentensi, kidole kikiwa juu ya ramani. Wajumbe walingoja kwa adabu dakika kumi, wakaandika kwamba Msimamizi ni mtu wa tafakari nzito. Dolphine aliwauliza habari za Benta. Wakamjibu kwamba wao ni wa ukaguzi. Barua zina watu wake. Wakala samaki wao wa ngege na ugali, wakaondoka.

Siku ya pili Dolphine alimchoma bosi wake kidole akiwa amelala. Akaitazama damu mara mbili, akamwamsha.

"Bwana Cephas, una malale."

"Mimi? Mimi nina kadi ya kijani!"

"Naiona."

 Njia ya ugonjwa huo aliijua, maana aliiandika kila mwezi kwenye ripoti: homa, usingizi, kuchanganyikiwa, na mwisho kile alichozoea kukiita kukamilika kwa takwimu. Hakuwahi kujiona ndani ya takwimu. Akaupapasa ufunguo mfukoni.

"Nidunge sindano sasa hivi!"

"Si tuiandikie Kamati kwanza?"

"Barua inachukua wiki tano! Mtu si atakufa!"

 Barazani ikasikika sauti nyembamba ya Benta. "Ai, Jaduong'. Kumbe unajua."

Bwana Cephas akaingiza mkono mfukoni. Akamkabidhi Dolphine ufunguo.

"Anza na yeye," alisema. "Ametangulia."

Maneno hayo yalimuuma kuliko sindano. Dolphine aliwapima wazima wote arobaini. Saba walikuwa wagonjwa, akiwemo nambari moja. Wote walipata dawa. Benta alipona polepole, ila mguu mmoja ulibaki ukiburuta.

Jibu la Kamati lilifika Julai, malale yakiendelea licha ya tangazo. Liliruhusu mtu mzima kuhamishiwa orodha ya wagonjwa, mradi aombe mwenyewe, kwa maandishi, miezi sita kabla ya kuugua. Bwana Cephas alicheka kitandani hadi mbavu zikamuuma, kisha akaacha ghafla. Akaomba karatasi.

"Wazima wangu saba ni wagonjwa," aliandika. "Habari za Benta nilizijua, nikaukalia ufunguo. Dawa tumetumia bila ruhusa. Kosa ni langu, si la dresa."

Kamati ilisikitishwa sana, hasa na ufupi wa barua. Kituo alipewa Dolphine, kwa muda, hadi apatikane mtu wa kaptura. Cephas aliwekwa chini yake, kazi yake kupokea wagonjwa mlangoni.

Asubuhi ya kwanza alikuja mzee Maroa, mfugaji aliyetoka mbali, upande wa Ogwedhi. Cephas aliinuka, akamsogezea kigoda.

"Unaumwa wapi, mzee?"

Mzee Maroa aligeuka nyuma kumwangalia anayeulizwa. Hapakuwa na mtu.

"Mimi?"

"Wewe."

Mzee akaketi taratibu, akavua kofia, akaanzia goti lililoanza kumsumbua mwaka ule wa nzige.