Mbawakawa wa Babu Gatimu

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Othaya.

Baridi. Ukungu hadi mlangoni. Nimeamka saa tatu nikakuta uji kwenye thamosi. Dada yangu Gathoni na mumewe Muchiri walishaenda kuchuma majani chai alfajiri. Nilikuja kwao kwa wiki mbili tu, nijipange baada ya kuachishwa kazi ya maabara ya shule. Sasa nimetimiza miezi tisa. Mipango mizuri haitaki haraka.

Habari kubwa! Daktari Karwitha, mtaalamu wa wadudu kule Nairobi, amepiga simu. Yule mbawakawa niliyemtumia kwenye kiberiti mwezi wa pili ni mpya. Hajawahi kuandikwa popote duniani. Na aliyemtoa kwenye shimo la sisimizi, chini ya mchai wa shemeji, ni mimi, Simeon Gatimu. Nilikuwa nimejificha huko nisipewe kikapu cha kuchumia.

Makala iko tayari, limebaki jina. Mdudu hupewa majina mawili: la ukoo na lake mwenyewe. La ukoo lipo. Lake nipendekeze mimi, kabla ya Ijumaa. Nikapendekeza Gatimu papo hapo. Akasema haifai. Mimi ni mmoja wa waandishi wa makala, na mwandishi kumpa mdudu jina lake mwenyewe ni aibu katika kazi yao. Watu wa Nairobi wana aibu za ajabu.

Jumanne, 5 Agosti.

Ukweli ni huu, na nauandika hapa pekee. Nina miaka arobaini na minne, sina mke wala mtoto. Kwetu mtu hurudi kwa wajukuu: mwanao akipata mvulana wa kwanza, anamwita jina lako. Mimi hakuna atakayeitwa mimi. Huniuma sana. Mbawakawa mdogo kuliko punje ya mchele ni afadhali kuliko kukosa kabisa.

Mchana nikampa Gathoni habari. "Ati mdudu?" akasema. "Wewe uko na mdudu. Mimi niko na majani inaharibika shambani." Akaniwekea kikapu cha kuchumia mlangoni. Nimekisogeza.

Nikajaribu kumweleza mdudu anavyoishi, labda apendezwe. Hafanyi kazi. Anakaa nyumbani kwa sisimizi, ananuka kama wao, na akiona njaa anamgusa mmoja mdomoni, analishwa. Sisimizi wenyewe hudhani ni wa kwao. Gathoni alinitazama muda mrefu. Muchiri, ambaye huwa hasemi, alicheka hadi akapaliwa na mahindi ya githeri. Sikuona cha kuchekesha. Nikaomba niongezewe.

Jumatano, 6 Agosti.

Nimepata! Imenijia nikinawa uso. Mimi ni kifungua mimba, na kwa desturi nilipewa jina la baba yake baba. Basi mdudu aitwe kwa heshima ya babu, marehemu mzee Gatimu. Nani atamkatalia mzee? Babu atapata heshima, mimi nitapata jina.

Karwitha amekubali. Ameguswa hata, akasema siku hizi watu wamewasahau wazee. Hapo nikaongeza ujanja. Watu wa Othaya wana midomo. Wakiona mwandishi ni Gatimu na mdudu ni Gatimu, watashuku. Nikamwambia afute jina langu kwenye orodha ya waandishi na popote pengine. Akaniuliza mara tatu kama nina hakika. Nikamjibu kwamba sipendi makuu. Amelifuta.

Ijumaa, 8 Agosti.

Nimeenda sokoni kumringia binamu yangu, Gatimu wa Mabati. Ana duka la vifaa vya ujenzi, pikapu na watoto watano. Tangu utotoni yeye ndiye Gatimu, mimi ni "yule mwingine". Nikamwambia kuna mdudu ambaye dunia nzima itamwita Gatimu. Nilitaka aone wivu. Badala yake alinishika mkono kwa furaha, akaniuliza jina linaandikwaje, akaninunulia soda. Furaha yake haikunipendeza.

Jumapili, 5 Oktoba.

Makala imetoka. Nilimpa mchungaji nakala mapema na kuazima koti la Muchiri. Mchungaji akatangaza ibadani: mbawakawa mpya kutoka Othaya ameitwa gatimui, ndiyo Gatimu kwa Kilatini, kwa heshima ya marehemu mzee Gatimu na wajukuu wote waliorithi jina lake. Hayo maneno ya mwisho Karwitha aliyaongeza mwenyewe. Kisha mchungaji akamwomba Gatimu asimame.

Tulisimama saba. Nilikuwa nimesahau kupiga hesabu. Babu alizaa wana saba, na kila mmoja ana mvulana wa kwanza, Gatimu. Wa Mabati alifika mbele kabla sijatoka kwenye benchi, akashukuru kwa niaba ya familia. Dukani kwake, nasikia, tayari amechora mbawakawa kwenye bango. Wakampigia makofi. Mama mmoja akaniuliza kama mimi pia ni wa ile familia ya mdudu.

Mchungaji akauliza ni nani hasa aliyempata. Karatasi haikusema. Ndipo Gathoni akasimama upande wa akina mama. Akasema ni kaka yake Simeon, alimpata shambani kwake, siku alipotumwa kuchuma majani na hakuchuma hata moja. Kanisa zima likacheka, kisha likanipigia makofi mimi. Nilifurahi, sikatai. Macho yalinilowa kidogo.

Jumatatu, 6 Oktoba.

Nimeona shimo lingine la sisimizi nyuma ya zizi. Mdudu wa pili atapewa jina la ubatizo la babu, Simeon. Wa Mabati naye ni Simeon, lakini halitumii sana. Liko kwenye bango tu.

Gathoni ameuliza nitaondoka lini. Nimemwambia wiki mbili. Baadaye nikakuta kikapu kimerudi mlangoni, na safari hii kimeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: GATIMU. Nimekipima. Kinaingia viberiti mia mbili.