Kesi ya Kofi la Askofu

Jumatatu, 3 Machi

Nimekabidhiwa darasa la vijana kanisani. Mimi, niliyeiaga shule kidato cha pili! Wanafunzi watatu, mmoja kalala. Mchungaji kasema nisipofikisha kumi Jumamosi, chumba anapewa mwalimu wa kwaya. Yule bwana keshapima pa kuweka kinanda. Mbele yangu!

Jumanne, 4 Machi

Nimeazima kitabu cha historia ya kanisa kwa mchungaji. Kinene kama tofali. Nimesoma kurasa tano, nimeokota dhahabu: wazee wa imani waligombana! Zamani hizo kasisi mmoja alidai Mwana wa Mungu aliumbwa, eti kuna wakati hakuwapo. Maaskofu wakawaka. Inasimuliwa mmoja wao alimzaba kasisi huyo kofi mkutanoni. Nani atalala hapo? Nimefunga kitabu. Yanatosha.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepita kila kijiwe nikinong'ona: Jumamosi, kesi ya kofi kanisani. Kinyozi kauliza aliyezabwa ni nani. Nikamwambia aje aone. Shangazi kauliza kama kitabu nimekimaliza. Nikamjibu mwanzo ninao, mwisho utajileta wenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Ishirini na saba! Wengine madirishani. Mwalimu wa kwaya kakunja uso kama kameza limau zima.

Nikawagawa: hawa wa kasisi, hawa wa maaskofu. Kinyozi, wakili wa kasisi, akanigeukia: "Kwani wewe ulikuwepo kabla ya baba yako?"

Wote wananitazama. Jibu liko ukurasa wa sita, mimi nimeishia wa tano. Nikaona heri tupige kura. Kasisi kashinda, ishirini na moja kwa sita. Ndipo mchungaji akaingia, akasoma matokeo niliyoandika ubaoni: MWANA ALIUMBWA. Akashika mlango asianguke.

Kisha akavua koti. Akafundisha kwa saa mbili kwamba Mwana hana siku ya kwanza, kama jua lisivyowahi kuwaka bila mwanga wake. Kinyozi kamkatiza mara kumi. Hakuna aliyesinzia. Wakamwomba arudi wiki ijayo. Yeye, si mimi!

Mlangoni akanivuta pembeni. "Mwanangu, umewajaza kanisani, halafu ukawatoa kwenye Ukristo kwa kura."

Darasa analichukua mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Nimepewa kazi ya kufuta viti. Sijali. Wivu tu. Kinyozi kaniachia kibanda chake Jumamosi, nianzishe darasa langu. Mada: Roho Mtakatifu. Nimeshatangaza safari hii kuna ngumi. Kitabuni sijaziona bado, ila karatasi za kura nimeshakata.