Komeo la Bibi Zita Liko Nje

Perpetua Didas,
Nyumba ya kwanza baada ya njia panda ya kanisani,
Kata ya Nambis, Mbulu.
Mwezi wa saba, siku ya upepo.

Kwa Ndugu Isidori,
Mwenyekiti wa Kijiji.

YAH: BEI ZA MAFUNDI WA MADIRISHA, NA BARIDI INAYOMWINGILIA MAMA MKWE WANGU

Ndugu Mwenyekiti,

Tumsifu Yesu Kristo. Naamini umeitikia, hata kama unasoma umesimama. Nakuandikia kama kiongozi wa serikali ya kijiji, siyo kama shemeji yangu, maana mambo ya shemeji tungeyamaliza kwa chai. Elimu yangu ni ya darasa la saba, lakini mwandiko wangu ulisifiwa, na nimeambiwa kwamba lalamiko lisiloandikwa ni umbea. Kwa hiyo naandika.

Bibi Zita, mama mkwe wangu ambaye kwako ni mama mkubwa, chumba chake kilikuwa na dirisha la mbao. Dirisha la mbao kwenye baridi yetu unalijua. Ukilifungua unapata mwanga na kikohozi, ukilifunga unapata joto na giza. Tangu miguu imkatae, Bibi alichagua joto. Akawa anakaa gizani mchana kutwa na rozari yake, anasikiliza nyayo za watu njiani. Nikimpelekea uji ananiuliza, "Aliyepita sasa hivi ni nani?" Na mimi nilikuwa jikoni, nitamjuaje? Nikasema moyoni, huyu mama amenilelea watoto sita, hawezi kumaliza siku zake kama viazi vya mbegu. Nikamuuza nguruwe, yule mwenye kelele, nikanunua Mbulu mjini dirisha moja la aluminiamu, la kioo, lenye komeo la kuzungusha, ili mama apate mwanga na joto kwa pamoja. Hilo tu. Sikuomba ghorofa.

Kilichofuata ndicho ninachokilalamikia.

1. Pesa ya kuja kuona. Fundi Bryson wa mjini aliniambia kwa simu kwamba kabla ya kazi lazima aje aone, na kuona ni shilingi elfu kumi na tano, mbali na bodaboda. Mwenyekiti, mimi nimezaliwa huku. Anayekuja kuona mgonjwa anabeba maziwa. Anayekuja kuona mtoto mchanga anabeba sabuni. Anayekuja kuona mchumba anabeba mpaka anainama. Huyu alikuja kuona dirisha mikono mitupu, akala ugali na maharage, akaongezwa, akafuta mdomo, akasema, "Mama, nimeliona." Nikamlipa! Padre anakwenda kuona wagonjwa mpaka ng'ambo ya bonde, tena kwa mguu pikipiki ikikwama, na hajawahi kumdai mtu pesa ya macho.

2. Pesa ya kutoa. Kumbe kuweka dirisha jipya kuna bei yake, na kutoa la zamani kuna bei nyingine. Nikamuuliza, "Baba, usipolitoa la zamani hilo jipya utaliweka wapi, mgongoni kwake?" Akacheka, akasema, "Mama, kutoa ndiyo kazi yenyewe, kuweka ni kumalizia." Na dirisha lenyewe lilikuwa limeshikwa na msumari mmoja na huruma ya Mungu. Upepo wa mwezi huu ungelitoa bure kama tungeuvumilia wiki moja. Tena alitaka na mbao aondoke nazo.

3. Pesa ya upindo. Hii ndiyo iliyonitoa machozi. Bryson aliweka pimamaji yake pale kwenye kizingiti, lile povu likakimbilia pembeni likakaa hukohuko kama mtoto aliyevunja sufuria. Akasema, "Mama, ukuta umelala. Tundu lina pembe nne na hakuna mbili zinazopatana." Akaongeza elfu thelathini ya kunyoosha. Sasa Mwenyekiti, ukuta ule aliujenga baba mkwe wangu, marehemu Hermani, kwa kukadiria na jicho, na wewe unajua kwamba jicho lenyewe lilikuwa moja. Umesimama kabla wewe hujazaliwa na haujawahi kumwangukia mtu. Marehemu tumemwombea misa, tumemwekea msalaba, sikujua kama bado anadaiwa. Nilipojumlisha hizo pesa zote, za kuona, za kutoa, za upindo na za kuweka kwenyewe, nikakuta kufunga dirisha kunakaribia bei ya dirisha. Na nguruwe nilikuwa naye mmoja tu.

4. Hili la nne siyo lalamiko, ni maelezo, ila nimelipa namba lisije likapotea. Nilimwambia Bryson aende kwa amani, nikafanya kama tunavyofanya hapa kwa kuvuna na kwa kupaua. Nikapika kande, nikatengeneza togwa, nikaita watu. Wewe ulikuwa kwenye kikao, lakini kande yako ulitumiwa na bakuli sijarudishiwa. Walikuja watu wa kutosha kupaua kanisa, na dirisha ni moja. Kila aliyekula alitaka na yeye aguse. Katekista Tadeo alisali, akalibariki dirisha na wenye kulifunga. Mwalimu Mwita, yule aliyehamishiwa kwetu kutoka Mara, akasema pimamaji ya nini siku hizi, simu yake inayo. Akailaza juu ya fremu. Ikapigiwa, ikatetemeka, ikatembea yenyewe, ikaingia kwenye ndoo ya saruji.

Sasa sikiliza hapa. Watu wote walikuwa nje, kwa sababu ndani kuna kitanda cha Bibi, na adabu yetu hairuhusu wanaume wajazane chumbani kwa mama. Ndani alikuwemo Bibi peke yake. Nilimsikia kwa masikio yangu akiuliza kwa sauti, "Wanangu, komeo liko wapi?" Wakamjibu kwa furaha, "Liko huku Bibi, usiwe na wasiwasi, tumelishika!" Wakagonga, wakaziba, wanawake wakapiga vigelegele, kande ikaisha. Saruji ilipokauka ndipo tukalielewa lile jibu.

5. Adabu iliyopita kiasi. Dirisha la Bibi limetazama njia, na komeo lake sasa liko kwa wapita njia. Nondo hatukuweka, maana cha kuibiwa mle chumbani ni Bibi mwenyewe. Na watu wetu wamelelewa, Mwenyekiti. Hakuna mtu wa kijiji hiki anayeweza kumwona mzee kwenye kioo akapita bila kumwamkia. Tena hawezi kumwamkia kupitia kioo, kana kwamba anaongea na picha. Kwa hiyo anasimama, anazungusha komeo, anasukuma dirisha mpaka linagonga kitanda.

"Shikamoo Bibi!"

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Wa Judith."

"Judith wa mashine?"

"Wa bondeni, Bibi."

"Aaa, wa bondeni! Yule ng'ombe wenu alizaa?"

Hapo baridi imeshaingia, imekaa, imevua viatu. Asubuhi ni wanafunzi, mchana ni watu wa mnadani, jioni ni kwaya. Wanafunzi wanaamkia mmoja mmoja, kwa foleni, na walimu wamewasifu kwa hilo. Wakimaliza wanakwenda zao na dirisha wameliacha wazi. Bibi akilisukuma linarudi, maana ndani hakuna cha kulishika. Ni mimi niache jikoni, nizunguke nyumba, nilifunge, na kabla sijafika kona nakuta mwingine ameshika komeo. Na nikimkemea ananiamkia na mimi! Utamfokea vipi mtu aliyeinamisha kichwa? Maandiko yanasema bisheni nanyi mtafunguliwa. Hayakusema shikeni komeo mjifungulie. Hata Nuhu, dirisha la safina alilifungua mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa ndani. Bibi wangu sasa amevaa sweta mbili na kofia ya mume wangu Didas, na kifua kimeanza kumkwaruza. Nilitaka apate mwanga na joto, amepata mwanga na mkutano wa hadhara.

6. Pesa ya kugeuza. Nilimeza aibu nikampigia Bryson. Akaja kuona, na kuona nikalipa tena. Alipoliona dirisha alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Akasema kugeuza ni elfu tisini na tano, ghali kuliko bei ya kuweka aliyosema mwanzo, kwa sababu saruji tuliyoweka sisi inatosha kalavati. "Mama, hapa hamkufunga dirisha, hapa mmejenga daraja likasimama wima." Sijui kama kile kicheko nacho kimo kwenye hesabu.

Kwa hayo yote, naiomba serikali ya kijiji kwa heshima. Kwanza iagize kwamba fundi yeyote anayekuja kuona abebe walau sukari, kama watu wengine wanaokuja kuona. Pili, dirisha hili limefungwa na kijiji kizima, wakiwemo wajumbe wako watatu ambao walikula mara mbili, basi litambuliwe kuwa mradi wa kijiji, kama josho, na ligeuzwe kwa fedha za kijiji. Nitakubali hata likizinduliwa.

Kama fedha hakuna, na najua utasema hakuna, basi kila majira ya baridi, mwezi wa sita mpaka wa nane, shikamoo zikusanywe. Kila kitongoji kichague mtu mmoja mwenye sauti. Jumapili baada ya misa hao wachaguliwa waje wamwamkie Bibi kwa niaba ya wenzao wote, kwa pamoja, dirisha likifunguliwa mara moja tu. Bibi ataitikia marahaba moja kubwa, wakaigawane huko waendako. Wagonjwa na waliosafiri wawekewe.

Na hilo nalo likishindikana, naomba kijiji kipitishe sheria ndogo turudi kwenye nyumba za babu zetu, zile za kuchimbwa kwenye mteremko, paa la udongo, mlango mmoja, ng'ombe mlemle ndani kwa ajili ya joto, na dirisha hakuna kabisa. Hakuna babu hata mmoja aliyedaiwa pesa ya upindo. Mwizi alipotea gizani humohumo mpaka ng'ombe wakamhurumia. Mimi niko tayari kuwa wa kwanza kuhamia, nikishamwambia Didas.

Hii siyo chuki kwa mafundi. Yosefu alikuwa fundi na tunamheshimu. Ila naamini Yosefu angekuja kuona bure.

Nisalimie mama watoto wako, na watoto, na baba yako mdogo, na yule ndama wenu aliyekuwa anaumwa. Wajumbe wote wasalimie kwa majina. Didas anakusalimu, yuko shambani na anasema yeye hayumo kwenye hii barua.

Ni mimi niliyesimama kwenye upepo nikifunga dirisha,
Perpetua Didas

Nakala: Mtendaji wa Kijiji.
Katekista Tadeo, ambaye alisali vizuri lakini alisimama nje.
Fundi Bryson, aisome, kuisoma ni bure.

Nyongeza: Shemeji, usiisome hii barua kwenye mkutano. Leo asubuhi, kabla sijaileta, Bryson alifika na drili yake. Didas alikuwa amemwita kimya kimya, atamlipa mahindi yakitoka. Bryson akafika dirishani, na yeye amelelewa, akazungusha komeo, akasukuma. "Shikamoo Bibi, nimekuja kukugeuzia dirisha, upumzike."

Bibi akaikamata fremu kwa mikono miwili. Akamwambia, "Mwanangu, nimekaa humu miaka mitatu naamkiwa na kuku. Sasa wananiamkia mpaka ulimi unachoka kuitikia. Ukilileta komeo ndani, wataniona kwenye kioo, watanipungia mkono, watapita. Usiliguse." Nikamwambia, mama, na baridi je? Akasema, "Baridi naijua, nilizaliwa nayo. Wewe niongezee blanketi, na usinifungie watu."

Ni kweli, shemeji, sijui nilikuwa nasikia nini jikoni. Siku hizi haniulizi tena aliyepita ni nani. Mimi ndiye ninayemuuliza yeye. Anajua ng'ombe wa nani amezaa, nani anatarajia, nani amegombana na nani kwenye kwaya na kwa ajili ya wimbo gani. Bryson mwenyewe alisimama pale njiani anapiga naye hadithi mpaka uji wa Bibi ukapoa, drili iko chini, na pesa ya kuja kuona hakudai. Amesema akipita tena ataleta sukari.

Kwa hiyo maombi yangu yote nayafuta. Shikamoo zisikusanywe, dirisha lisizinduliwe, na zile nyumba za kuchimbwa tuziache kama zilivyo. Libaki moja tu. Tangaza kwamba mtu akishaamkia, avute dirisha mpaka lilie tak, ndipo aende.

Na Bibi ameniagiza nikuandikie hivi: Jumanne ulipita na pikipiki, amekuona vizuri kabisa kwenye kioo, umevaa lile koti la bluu, na hukusimama. Anasema huna haja ya kuogopa, hatakuuliza kwa nini hukuja siku nyingi. Anasema komeo liko upande wako.