Kiti cha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Meneja katangaza mpango mpya. Viti na mabeseni yetu yaliyochakaa tuyakusanye mitaani, tuyasage, tutengeneze mapya. Plastiki mpya imepanda bei, na wateja wakubwa siku hizi wanapenda kiwanda kisichotupa kitu. Atakayeleta vingi kufikia Ijumaa ndiye msimamizi wa kitengo hicho. Nimeshajiona. Kofia nyeupe, chai ya kuletewa. Naye Nati, fundi wa mashine ya kusaga, anaitaka nafasi. Tunamwita Nati kwa sababu akitembea mifuko yote inalia. Maskini, hajui anashindana na nani.

Jumanne, 4 Juni
Nimepita nyumba kwa nyumba. Watu hawatoi kitu! Beseni lililotoboka limepandwa mboga. Kiti kisicho na mgongo ndicho cha kufulia. Kinyozi kasema chake watazikwa pamoja. Nati kaja na mkokoteni umejaa. Kumbe shemeji yake anakodisha viti vya sherehe. Huo si ushindani, huo ni ukoo.

Jumatano, 5 Juni
Akili ni nywele, na zangu leo zimesimama. Mama mkwe, tunayeishi naye, kaenda kumuuguza dada yake hadi Jumamosi. Kiti chake cha kijani kiko barazani, kimepasuka, kimeshonwa kwa waya kutoka mgongoni hadi mguuni. Nikakipeleka kiwandani. Mahali pake nikaweka kipya, rangi ileile. Wema na ushindi kwa safari moja.

Jioni mke wangu kauliza cha zamani kiko wapi. Nikamweleza kwa kujivuna. Hakunigombeza, ingekuwa nafuu. Akakaa sakafuni, akasema baba yake alikishona mwenyewe akiwa tayari mgonjwa, mikono inatetemeka, na kila asubuhi mama yake hupitisha kidole kwenye ule mshono kabla ya kukaa. Miaka yote hii nakula kando ya kiti hicho, na sikujua. Nimeona aibu, nikaapa kukifuata alfajiri.

Alhamisi, 6 Juni
Nimefika kiwandani mlinzi hajamaliza chai. Nimechelewa hata hivyo, wa zamu ya usiku walishakitia kwenye mashine. Lakini mashine imesimama! Waya wa marehemu umejisokota kwenye visu. Kazi imelala, malori ya wateja yamepanga foleni getini, meneja anazunguka akiuliza nani mwenye akili ya kusaga chuma. Kiti kimekwama mdomoni mwa mashine, mguu mmoja tu umeliwa. Meneja akaamuru kikatwe vipande kitupwe. Hapo nikainua mkono, nikasema ni changu.

Ndiyo hivyo, nafasi imeota mbawa. Nikangoja Nati acheke. Hakucheka. Aliuliza cha nani hasa, nikamwambia. Akafungua visu kimoja kimoja, akautoa waya bila kuukata, kisha akabandika mguu wa bluu wa kiti kingine kwa pasi ya moto. Waya akanikabidhi, akasema kushona ni kazi yangu. Nimemchukia kidogo kwa wema wake. Nimeshona hadi vidole vikavuja damu.

Jumamosi, 8 Juni
Mama mkwe kafika. Mimi nyuma ya mlango, roho juu juu. Akapitisha kidole kwenye mshono, taratibu, hadi kwenye mguu wa bluu. Akaniita mwanangu, akauliza nani kashona huku chini, mbona vibaya hivi. Nikakiri yote. Akacheka hadi akafuta machozi kwa kanga. Akasema mumewe naye alishona ovyo vilevile, na yeye akamficha kicheko asimvunje moyo. Akakaa. Kile kiti kipya akanivutia, nikae karibu yake. Tulikaa hivyo mpaka jua likazama, na sikutamani kofia yoyote.

Jumatatu, 10 Juni
Nati kavishwa kofia nyeupe. Imemkaa vizuri, nimempongeza, karibu kwa moyo wote. Meneja kasema sasa anatafutwa msaidizi wake, kwa mashindano yaleyale. Nimejiapia kutogusa cha mtu.

Jioni, nikiwa barazani na mama mkwe, nimeona ndoo yake ya kuogea. Kuukuu kabisa. Mpini umefungwa kwa waya. Hapana, sirudii kosa. Waya nitautoa kwanza.