Filimbi Ndani ya Podo

Bura na Safari, jamaa zangu,

Aibu niliyopata leo hapa Endulen, sijui hata niishike kichwani au miguuni. Nawaandikia mwenyewe kabla hamjaisikia kwingine, maana gari la padre linashuka Arusha jioni hii na dereva wake alikuwepo. Aliona yote. Na barua hii anabeba yeye. (Bahasha sina. Nimeikunja tu, nikamwomba Mungu.)

Mnajua kilichonileta huku. Paulina. Leo kaka yake ameoa, na baba yao, Mzee Kiroya, alituma neno Karatu: "Yule kijana anayejisifu kupuliza filimbi, aje apulize bibi harusi akiingia kanisani. Nimwone."

Nimwone! Hilo neno moja limenikosesha chakula wiki mbili. Mzee akiniona vizuri, baba yangu anapanda kuja kuposa. Akiniona vibaya, kuna mwalimu mmoja wa Mbulu mwenye pikipiki anangoja tu pembeni. Pikipiki nzima, jamani. Mimi nina filimbi.

Na kwa mzee nilishajiharibia zamani. Siku ya kwanza kukutana naye mdomo uliniwahi. Nikamwambia nimemaliza kidato cha nne. (Nyie mnajua mimi na hesabu tuliachana wapi.) Nikamwambia baba ana ng'ombe arobaini. Nikamwambia filimbi yangu ni ya mpingo. Filimbi ni ya plastiki! Imepakwa rangi ya mti na kuchorwa mistari mistari. Mtu akiwa mbali anadanganyika. Akisogea karibu, namgeuzia mgongo.

Sasa filimbi hiyo ilitaka kasha. Kuja huku ni lori la mahindi, unakaa juu ya magunia, unarushwa mpaka meno yanahesabiana. Safari ya mwisho niliichomeka kwenye soksi, nikaikalia, ikapata ufa. Nikaziba na nta. Leo sikutaka mchezo.

Nikazunguka Karatu nzima. Seremala alinionyesha kisanduku cha kupendeza, ndani kitambaa chekundu kama jeneza la tajiri. Akataja bei. Nikaondoka kinyumenyume, nikimsifia mlango wake. Nikapata kipande cha bomba la maji, cheusi, kimenyooka, cha bure. Dereva wa lori akakiona begani kwangu.

"Bwana mdogo, hilo ni nini?"

"Kasha la filimbi."

"Pale geti la hifadhi wataona mtutu wa bunduki. Mimi nina watoto. Tupa."

Nikatupa. Nikajaribu ala ya sime, filimbi ikaingia nusu ikakwama, tukaivuta watu wawili. Nikajaribu mfuko wa kitenge wa mama. Laini mno, ni kama filimbi imevaa gauni.

Basi juzi mnadani, kule mwisho kabisa baada ya mbuzi, nikamkuta bibi ametandika gunia chini. Vibuyu viwili, kengele ya ng'ombe, na podo. Podo lenyewe, lile la ngozi la kubebea mishale. Refu, gumu, lina kifuniko, na lina mkanda wa begani. Nikachomoa filimbi nikaijaribisha. Ikaingia yote! Kama ilipimwa! Bei nayo ilikuwa ya kuokota.

Bibi Kiswahili hana. Alinishika mkono, akagusa pua yake, akanitazama machoni, akagusa tena. Mimi nilikuwa na mafua makali, mnajua baridi ya Karatu mwezi huu. Nikajua ananihurumia.

"Ndiyo bibi," nikamwambia, "mafua. Yataisha."

Akacheka sana. Nikacheka na mimi. (Nilicheka na mimi!)

Leo alfajiri tukapanda. Pale getini ukungu mtupu, umbali wa hatua tano huoni mtu. Askari akaja na koti lake refu, macho yakaenda moja kwa moja kwenye podo.

"Wewe! Kuwinda humu ni marufuku. Mishale iko wapi?"

"Hakuna mshale, afande. Ni filimbi. Nakwenda harusini."

"Filimbi kwenye podo?"

Akafungua. Akatoa filimbi, akaitazama, akanirudishia. Akaingiza pua kwenye podo kuchungulia. Mara akapiga chafya. Ya pili. Ya tatu kofia ikaanguka.

"Baridi ya leo mbaya, afande," nikasema kwa adabu.

"Piteni," akasema, anajifuta machozi. "Piteni tu."

Nikajiona mjanja wa dunia.

Tumefika tumechelewa, watu wameshaingia kanisani. Mzee Kiroya amesimama mlangoni na fimbo yake, shuka jekundu juu ya suruali ya kitambaa. Nikatupa podo pale ukutani, nikabaki na filimbi mkononi, nikamwendea. Nikainamisha kichwa mbele yake, kama vijana wa huku wanavyofanya, ili mzee akuguse utosini. Ndiyo salamu yao.

Nikangoja.

Hakugusa.

Nikaendelea kuinama kama ng'ombe mtoni. Naviona viatu vyake vya matairi, vimetulia. Paulina yuko ndani mlangoni, nasikia anavuta pumzi.

"Nenda kapulize," akasema mzee. "Kwanza nisikie."

Nimesimama mbele pembeni ya padre, mzee amekaa benchi la kwanza, fimbo katikati ya magoti. Bibi harusi akatokea mlangoni. Nikapuliza.

Mstari wa kwanza, safi. Nikaona Paulina anatabasamu. Mstari wa pili, mdomo ukaanza kuwasha. Nikajua hofu. Wa tatu, ulimi unaungua, mate yanajaa kama mtoto anayeota meno. Bibi harusi alipopita mbele yangu akapiga chafya kwenye shela. Wa nne, kichwa kikaanza kuzunguka, nikawaona mapadre wawili. Nikaendelea. Nikajisemea, kufa na kupona ni leo, puliza!

Ndipo sauti ikatoka mlangoni.

"Nani ameleta podo la mishale kanisani?"

Ni Koko, yaani bibi yake Paulina, mama yake mzee. Amelinyanyua podo juu kama nyoka aliyeuawa. Filimbi ikanyamaza yenyewe.

Mzee Kiroya akasimama taratibu.

"Ero! Kijana! Hicho unachopuliza kimetoka humo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kimekaa humo tangu lini?"

"Tangu juzi, baba."

"Na umekitia mdomoni?"

Mzee akalitazama podo, akanitazama mimi, sauti yake ikashuka.

"Podo kama hilo ni la wawindaji. Mshale wao una sumu. Nyati akichomwa, hafiki kwenye kile kilima."

Nikatazama dirishani. Kilima kilikuwa karibu sana.

"Mdomo unakuwaje?" akauliza padre.

"Unaungua, padre."

"Kichwa?"

"Kinazunguka."

Hapo mama mmoja akapiga ukelele, nami nikaenda chini. Nimelazwa kwenye benchi, bibi harusi kasukumwa pembeni, mtu kanikatia vifungo vya shati. Mwingine kaleta kibuyu cha mafuta ya kondoo yaliyoyeyushwa, akanibana pua, akamimina. Mafuta ya moto, jamani, bila chumvi! Nusu yameingia, nusu yako kifuani mpaka sasa naandika. Paulina amepiga magoti ananishika mkono, analia. Nikasema moyoni, nakufa, tena nakufa mwongo.

Padre akainama kwenye sikio langu. "Mwanangu, una la kusema? Sema polepole, nasikia mimi tu."

Polepole! Nani anakufa polepole? Nikapaza sauti.

"Baba yake Paulina! Nisamehe! Sikumaliza kidato cha nne! Niliacha cha pili!"

Padre akasema, "Taratibu, mwanangu, nisemee mimi..."

"Na ng'ombe si arobaini! Ni watatu! Tena mmoja ni wa mjomba, yuko kwetu kwa ajili ya majani!"

Mtu nyuma akasema, "Loo!"

"Na filimbi si mpingo! Ni plastiki! Najua nyimbo mbili tu, na huu ndio wa pili!"

Paulina akaachia mkono wangu. Sikumlaumu. Maiti haina kinyongo. Nikafumba macho nikangoja malaika.

Nilichosikia ni chafya.

Chafya ya kishindo, ya mtu anayefurahia. Halafu nyingine. Nikafumbua jicho moja. Koko amekaa chini palepale mlangoni, ameligeuza podo, analigonga kitako, anakinga unga wa kahawia kiganjani. Akachota kwa vidole viwili, akapeleka puani, akavuta, akafumba macho kama mtoto aliyepakatwa.

"Sumu gani?" akasema. "Hii ni tumbaku!"

"Tumbaku?" mzee akauliza.

"Ugoro! Tena wa magadi, yale ya Engaresero, makali. Mwenye podo hili alikuwa na akili. Aiya, hata wangu haufikii huu!"

Bibi wa mnadani. Pua. Aliniambia! Alinigusia pua mara mbili! Na askari wa getini, na bibi harusi... Kila pua iliyosogea ilishaonywa, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na mafua.

Jamani, kuna kitu kigumu kuliko kufa, nacho ni kuamka. Nimelala kifua wazi, nang'aa mafuta kama ndafu, watu mia wananitazama, na siri zangu zote zimeshatoka nje na haziwezi kurudi. Mtu wa kwanza kucheka alikuwa padre. Alijaribu kujificha kwenye kikohozi, akashindwa, akashika nguzo. Baada ya hapo kanisa zima likaangua kicheko. Dereva wake alitoka nje kabisa, nikamsikia anapiga bodi la gari kwa ngumi. Wazee wakajipanga mbele ya Koko, kila mmoja na kiganja chake.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mzee Kiroya. Akaja na fimbo yake akasimama juu yangu.

"Umekufa au bado?"

"Bado, baba."

"Kidato cha pili?"

"Ndiyo, baba."

"Ng'ombe watatu?"

"Wawili, baba. Yule wa mjomba..."

"Mwekundu, pembe moja imevunjika."

Nikakaa kitako. "Umemjuaje?"

"Mimi nauza ng'ombe mnada wa Karatu tangu kabla hujazaliwa. Unaniambia baba yako ana arobaini, halafu unadhani nitakaa tu? Nilipita kwenu mwezi uleule. Nikamsalimia baba yako, nikawahesabu uani, nikaondoka. Kuhesabu watatu hakuchukui muda."

Mwezi uleule! Na baba yangu hakuniambia kitu, kumbe alimkaribisha mgeni uji akadhani ni mnunuzi. Nikatamani ile sumu ingekuwa ya kweli, hata kidogo.

"Nimekungoja miezi minane," mzee akaendelea, "nione siku gani utasema mwenyewe. Sikujua unahitaji kuuawa kwanza."

Nikafanya nilichokijua. Nikateremka kwenye benchi, na mafuta yangu, nikainamisha kichwa. Sikungoja kitu, niliinama tu kwa sababu uso sikuwa na pa kuuweka.

Mkono ukatua utosini.

Mzito, umejaa ugoro. Nikapiga chafya kwenye viatu vyake.

"Baba yako aje, mvua zikikatika," akasema mzee. "Aje yeye azungumze. Wewe ukae kimya, na huo mdomo wako uje nao umefungwa." Halafu akamgeukia padre. "Tuendelee. Mwanangu bado hajaoa."

Nyuma ya mabega ya baba yake nikamwona Paulina. Alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatingishika. Ama analia ama anacheka. Sijamuuliza, na nyie msiniulize.

Ndoa imefungwa salama, bila filimbi. Nyama inaliwa. Mimi nimekaa nyuma ya kanisa naandika, mdomo umevimba kama nimepigana na nyuki. Nilipomwendea Koko kuomba kasha langu, alilikumbatia.

"Nenda, mjukuu," akasema. "Hili ni mahari ya kwanza. Hao watatu watafuata."

"Wawili, Koko," nikamsahihisha. Nimeshajifunza.

Kwa hiyo filimbi inarudi Karatu kesho juu ya magunia matupu, ndani ya soksi yangu ya kushoto. Msicheke. Na kama dereva amewapa barua hii huku anacheka, mwambieni anirudishie vifungo vya shati, maana najua ni yeye aliyevikata.

Wenu, bado mzima,
Tluway