Msitu Niliowaonyesha Wataalamu

Leo nimeaibika mchana kweupe, na walioshuhudia walikuja na magari yao.

Asubuhi nilipata kibarua cha kupanga viti kwenye ukumbi wa hoteli moja ya katikati ya mji. Viti vikaisha, mimi nikabaki. (Mlango ukiwa wazi, siwezi kuupita. Ndiyo maana sikumaliza shule: masikio yangu yalikuwa daima kwenye darasa la jirani.)

Kumbe ilikuwa semina. Wataalamu walikuwa wanapima kama jimbo letu liko tayari kulinda misitu ili hali ya hewa isizidi kuharibika. Walipima kwa mishale na miduara iliyomulikwa ukutani. Mmoja alisema jimbo liko tayari kuanza kujiandaa. Akapigiwa makofi. Mwingine akaomba iundwe kamati ya kuifuatilia kamati. Ubaridi wa kiyoyozi ulikuwa mkali hivi kwamba watu walivaa makoti, wakijadili joto la dunia. Jina la mti hata mmoja halikutajwa.

Kisha mama Béatrice, mhandisi anayeongoza upimaji, akasema anatafuta mtu anayelijua pori, wa kutembea na timu yake kiangazi chote, mpaka kwenye mipaka ya jimbo. Maisha yangu yote sijawahi kuitaka kazi inayozidi wiki moja. Hii niliitaka. Nikasimama huko nyuma.

"Mama, pardon. Hapa muko napima musitu na ukuta. Mi najua musitu wa kweli, ku barabara ya Mokambo. Jua haiingie mule."

Mwanaume mmoja mwenye tai akageuka. "Na wewe ni nani?"

"Mi njo nilipanga hiyo kiti unaikalia."

Watu wakacheka, na mimi nikavimba.

Mama Béatrice akaniuliza, "Ulishaka kuingia mu huo musitu?"

"Mama, ile njo kwetu."

(Sikujibu swali, najua. Msitu huo nimeupita mara nyingi nikiwa juu ya magunia ya unga, kwenye lori. Kupita, si kuingia.)

"Sawa, papa. Utupeleke. Ukituonyesha, kazi ni yako."

Wakaniweka kiti cha mbele, karibu na dereva. Njiani sikunyamaza. Nikamwambia dereva, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "Bale ba semina, muti wenye banajua ni ule wa mu chungu ya maua." Yule wa tai alikuwa nyuma yangu. Alikohoa tu.

"Simama hapa," nikasema.

Na kweli msitu ulikuwepo. Miti imebanana kando ya barabara, majani mapya mekundu juu. Nikashuka wa kwanza na kuwakaribisha kama mwenye nyumba. Nikamshikia mama Béatrice matawi asije akachomwa. "Muangalie chini, bakubwa, huku kuko nyoka za..."

Kabla sijamaliza na nyoka, tukatokeza upande wa pili. Juani. Mbele yetu visiki, vichuguu virefu, visiki tena, na matanuru ya udongo yanayofuka moshi. Ni pale wanapochomea makala, mkaa tunaopikia mji mzima.

Kisha yule wa tai: "Hii njo jua haiingie?"

"Mbele kidogo," nikasema.

Tukaenda mbele. Visiki.

"Mbele kidogo tena."

Mwanaume mmoja akatoka nyuma ya tanuru na koleo lake, mweusi mpaka kwenye kope. Jina lake Mwape. Akainama kidogo, akapiga viganja kutusalimia kwa heshima. "Muko natafuta nini, bakubwa?"

"Musitu," akasema mama Béatrice.

Mwape akatutazama kwa huruma. "Si mulishaupita? Ni ile miti ya ku barabara. Tunaiachaka makusudi. Ni rido tu, kama ya ku dirisha. Bantu ba mu magari banapita, banaona musitu, banafurahi, banaenda. Muntu wa huku hawezi kudanganyika."

Mama Béatrice akanigeukia polepole. "Papa, si ulisema huku njo kwenu?"

Mwape akanipima kutoka kandambili mpaka kofia. "Kwabo? Huyu? Huyu iko muntu wa mu gari."

Dereva alicheka mpaka akashika kichuguu. Nilitafuta shimo la kujitumbukiza. Mashimo yalikuwepo, ila yote yalikuwa yanaungua.

Wataalamu je? Walirudi kwenye rido wakapiga picha mbele yake, migongo ikiwa kwenye majani. Mimi niliambiwa nisogee, nafunika miti. Mama Béatrice peke yake alibaki na Mwape, wakatembea kati ya visiki. Mwape akawa anamtajia kila mti uliokuwa umesimama hapo. Angeshindwaje? Ni yeye aliyeuangusha. Waliporudi, kazi yangu ilikuwa imeshapata mwenyewe.

"Nitakuja kulinda musitu, mama," nilimsikia Mwape akisema. "Lakini muniachie kwanza hii tanuru iive."

Mama akakubali.

Tafadhali msinicheke mimi. Mwenye hamu ya kucheka alicheke jimbo: liko tayari kabisa kulinda misitu, linasubiri tu makala yaive.